Maji nafuu kuliko yote yamo kwenye mabomba tuliyonayo

Kila ukame unapoikumba Dar es Salaam, mjadala huwa ni uleule: tuchimbe visima, tujenge bwawa, tuyafuate maji ya Rufiji. Mimi ni mtu wa mitandao ya mabomba, na ninaamini kabisa kwamba chanzo cha maji cha bei nafuu kuliko vyote tunacho tayari. Kiko chini ya barabara zetu, kinavuja.

Tazama hesabu. Jiji linategemea zaidi Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku; Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Jumla milioni 466. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya jiji hili imekuwa haionekani kwenye ankara ya mtu yeyote. Theluthi ya milioni 466 ni lita milioni 155 hivi kila siku. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua na uzalishaji ukashuka hadi karibu lita milioni 300, tulishangilia visima vya Kigamboni vyenye uwezo wa lita milioni 70. Vilistahili kushangiliwa. Lakini kinachopotea ni zaidi ya mara mbili yake.

Sehemu ya upotevu huo ni wizi na dira zilizochoka. Sehemu kubwa ni mivujo, na hapa wengi wanakodolea macho mahali pasipostahili. Bomba kubwa likipasuka na kumwaga lita 500 kwa dakika, barabara inafurika, watu wanapiga simu, mafundi wanafika. Likizibwa baada ya saa sita, zimekwenda lita 180,000. Sasa chukua mvujo wa lita 5 tu kwa dakika kwenye maungio ya bomba linaloingia nyumbani kwa mtu. Hauonekani, mchanga unayanywa maji yote. Kwa mwezi mmoja ni lita 216,000, na mivujo ya namna hiyo hukaa miezi kadhaa bila kuguswa.

Njia ya kuinasa inajulikana. Unaligawa jiji katika kanda ndogo, kila kanda inaingiziwa maji kupitia dira kubwa moja, kisha unaisoma kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wakiwa wamelala. Maji yanayoendelea kupita saa hizo, mengi yake ni mivujo. Tatizo letu ni mgawo wa maji. Maji yakifika mtaani usiku tu, kila nyumba inajaza simtanki saa zilezile, na hapo huwezi kutofautisha tangi na mvujo.

Mgawo una madhara mengine. Bomba likikaukiwa, maji machafu ya mtaroni huingia kupitia nyufa zilezile zilizokuwa zikivujisha. Valvu ikifunguliwa kwa pupa, msukumo wa ghafla hulegeza maungio na kupasua mabomba. Kwa hiyo mgawo unaanza kwa sababu maji ni machache, halafu wenyewe unayapunguza zaidi.

Anayeumia zaidi ni asiye na bomba. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Akinunua dumu kwa shilingi 100, uniti imemgharimu shilingi 5,000, wakati mwenye dira nyumbani analipa chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani maji nafuu ni bei ya uniti peke yake. Punguza gharama ya kuunganishwa, ruhusu ilipwe kidogokidogo kwenye ankara, na familia ya kipato cha chini itaokoa zaidi kuliko kwa punguzo lolote la bei.

Linawezekana? Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Chini ya Ek Sonn Chan, mkurugenzi wa mamlaka ya maji ya umma, kila mteja alifungiwa dira, wakubwa wakalazimishwa kulipa, wafanyakazi wakapewa motisha kwa kazi nzuri. Upotevu ulishuka chini ya asilimia 10, maji yakatoka saa 24. Sisi tulitafuta dawa kwa kumkabidhi mwendeshaji binafsi mkataba wa miaka 10, uliosainiwa 2003 na kuvunjwa 2005. Ninavyoona, kilichoamua huko Kambodia ni dira, nidhamu na uongozi uliokaa muda wa kutosha.

Bwawa la Kidunda kule Morogoro, la kuhifadhi maji ya Mto Ruvu, naliunga mkono kwa moyo wote. Mto usio na hifadhi hauwezi kuaminiwa na jiji la mamilioni. Ila maji yakiongezeka, msukumo utapanda, na kwenye maungio mabovu kila tundu litavuja zaidi. Fedha za kukarabati mtandao zinapaswa kwenda sambamba na za bwawa, ndani ya bajeti ileile.

Na tuanze na jambo lisilohitaji mkopo: takwimu za kila kanda zitangazwe kila mwezi. Kimara iliingiziwa uniti ngapi, zikalipiwa ngapi? Tabata je? Mbagala je? Mhandisi wa kanda ajue kwamba wateja wake wanaisoma namba hiyo, na apewe mafundi, vipuri na gari la kuishughulikia.