Flames ya 2004: watu wanaipenda, ila si kwa sababu "waliibiwa"

Juzi rinki, mzazi mmoja anamfunga mwanae kamba za skeiti, akanirushia tena ile sentensi: "Kocha, Calgary wanaikumbuka Flames ya 2004 kwa sababu waliibiwa kombe." Flames ni timu yetu ya hoki ya barafu hapa Calgary, Kanada, na mwaka ule ilifika fainali ikashindwa. Nafundisha makipa wadogo hapa, hii nimeisikia mpaka basi, na leo naijibu.

Tuanze na bao lenyewe maana ndo linaloniudhi. Mechi ya 6 ya fainali dhidi ya Tampa, tupo nyumbani Saddledome, tunaongoza mechi 3 kwa 2 (anayefikisha 4 anabeba kombe), ubao 2-2, kipindi cha tatu. Paki, kile kisahani cheusi cha hoki, inagonga skeiti ya Martin Gélinas wetu inaelekea golini, Khabibulin, kipa wa Tampa, anaiokoa kwa mguu, mchezo unaendelea. Baadaye tivii ikaonyesha marudio, kuna weupe kati ya paki na mstari, basi mji mzima "imeingia!" Sasa kazi yangu ni paki na mstari, nisikilizeni. Paki ilikuwa imeinuka juu ya barafu na kamera ilikuwa inaitazama kwa mshazari. Chukua kizibo cha soda, kishike hewani juu ya mstari wa vigae sakafuni, rudi nyuma hatua mbili utazame: utaona kimevuka mstari na wala hujakisogeza. Weupe ule unaweza kuwa ni barafu ya chini tu.

Sisemi haikuingia. Nimeirudia mara nyingi mno, siku nyingine naiona imo, siku nyingine haimo, na kocha anayekuapia kwa picha ile moja anakuapia asichokiona. Na hata ingehesabiwa, zilikuwa zimebaki karibu dakika 7, hakuna aliyeshika kombe bado. St. Louis, mchezaji wa Tampa, akatumaliza kwenye ovataimu ya pili, kisha mechi ya 7 kule Tampa tukafungwa 2-1, mabao yote mawili ya Fedotenko. Hapo hakuna wizi.

Sa kinachokumbukwa ni nini? Timu ilikaa misimu 7 bila kuonja mtoano, halafu Novemba 2003 wakamchukua Kiprusoff kutoka San Jose, kipa aliyekuwa hana nafasi kule, akamaliza msimu kwa wastani wa kufungwa mabao 1.69 tu kwa mechi. Mimi namfundishia watoto mpaka leo, yule mtu alikuwa hakimbilii paki, anaisubiri. Tukaingia wa sita upande wa Magharibi na tukawatoa mabingwa wa divisheni watatu mfululizo, Vancouver, Detroit, San Jose. Detroit tuliwafunga 1-0, halafu 1-0 tena kwa ovataimu. Bao la kumaliza kila raundi, zote tatu, Gélinas! Na nahodha ni Iginla, baba yake Mnigeria, fainali mechi ya 3 anavua glavu anapigana na Lecavalier, nyota wa wenzao, na kwa sisi Waafrika tuliohamia huku kumwona yule ndo anabeba timu ya mji wetu ilikuwa kitu kikubwa sana. Usiku barabara ya 17 yote nyekundu, watu wasiojuana wanakumbatiana.

Kuna jambo moja nasitasita nalo. Msimu uliofuata haukuchezwa, wamiliki na wachezaji walishindwana mkataba, kwa hiyo ile timu haikupata nafasi ya kutuudhi mwaka mzima. Huenda hilo limeifanya kumbukumbu kuwa tamu kuliko timu yenyewe ilivyokuwa, sijaweza kulitupa wazo hili.

Ila jaribuni kitu kimoja. Mtafuteni aliyekuwepo, mwambieni asimulie. Ataanza Vancouver mechi ya 7, Cooke wa Vancouver anasawazisha zimebaki sekunde 5.7, roho zimetutoka, halafu ovataimu haijafika hata dakika mbili, Gélinas. Kila niliyemuuliza ameanzia hapo, na wengi tunaachana hata Tampa hajaifikia.