Masafa Hasi Moja Hayatoshi

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili katika kemia ya kukokotoa, yaani kutabiri tabia za molekuli kwa hesabu, kaniuliza: "Mwalimu, kwani kazi yote si inafanywa na kompyuta?" Swali hili nimelisikia tangu nasomea shahada ya uzamivu: kwa ndugu, kwa wenzangu wa maabara, hata kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Nimechoka nalo, nalijibu.

Mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza tabia ya elektroni, tunao tangu 1926. Kwa hidrojeni unautatua kwa kalamu na karatasi. Ikiingia elektroni ya pili, umeshaingia kwenye makadirio, na kuchagua makadirio ndiyo kazi yenyewe. CCSD(T), njia ya hesabu yenye usahihi mkubwa, tunaiamini, lakini molekuli ikikua mara 2, muda wa hesabu unakua mara 128: kazi ya saa moja inakula siku tano na ushei. Ndiyo maana wengi tunakimbilia nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyo nafuu zaidi.

Hapo ndipo watu wanaponiudhi. Wanachukua B3LYP, makadirio maarufu ya nadharia hiyo, na 6-31G*, seti ndogo ya fomula za kuelezea elektroni, namba inakaribiana na ya maabara, wanashangilia. B3LYP ya kawaida haiuoni ule mvutano hafifu wa mtawanyo kati ya molekuli. Seti ndogo nayo inazivutia pamoja kupita kiasi. Makosa mawili yanafutana. Ukiweka seti kubwa zaidi, jibu linaharibika! Nina makala yangu ya zamani ambayo jibu lake lilikuwa sahihi, na leo nashuku lilikuwa sahihi kwa njia hiyohiyo. Linaninyima raha, maana kwenye joto la kawaida ukikosea kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko lazima ukivuke kwa kilokalori 1.4 tu kwa moli, kasi ya mmenyuko umeikosea mara 10.

Na kuna siku inabidi usimame na hesabu yako hata mbele ya kipimo. Mwaka 1970 Bender na Schaefer walikokotoa kwamba methilini, CH2, imepinda kwa pembe ya nyuzi 135 hivi, ilhali Gerhard Herzberg, bingwa wa spektroskopia (kupima molekuli kwa mwanga), alikuwa ameitangaza kuwa imenyooka. Vipimo vilivyofuata viliwapa haki wakokotoaji. Kompyuta isingeweza kuwapa ujasiri ule. Waliupata kwa kujua njia yao inakosea wapi na kwa kiasi gani.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Siku hiyohiyo aliniletea hali ya mpito aliyoikokotoa, yaani umbo la molekuli likiwa kileleni mwa kizingiti cha mmenyuko. Masafa hasi, alama ya mtetemo unaoivusha molekuli kizingiti, yalikuwa moja, kama vitabu vinavyotaka, na programu ilimaliza bila kulalamika. Nikamwambia auchezeshe mtetemo wenyewe kwenye skrini. Kifungo cha kaboni na klorini, ambacho ndicho kilipaswa kukatika, kimetulia tuli. Kinachozunguka ni kikundi cha methili pembeni kabisa. Alikitazama kikizunguka kwa muda mrefu, kisha akalifuta faili, akaanza kuijenga molekuli upya.