Kengele za kariloni hazivutwi kwa kamba

Wengi wetu tunaamini mnara ukilia muziki basi kuna watu kadhaa huko juu wanavuta kamba na kengele zinabembea. Kariloni, yaani seti ya kengele za mnarani zinazopiga muziki, haiko hivyo. Pale Bruges, Ubelgiji, kengele ziko 47 na muziki ukipigwa zimetulia tuli, kinachogonga ni ulimi wa chuma wa ndani ya kengele, ulioungwa kwa waya mpaka kwenye vijiti vya mbao, na mpigaji ni mmoja tu, anavipiga kwa ngumi huku miguu inakanyaga pedali, jasho kwelikweli! Waya nao joto na baridi vinaubadilisha urefu so lazima urekebishwe kila mara. Cheki mwenyewe, panda zile ngazi 366 za mnara wa Bruges au tafuta video, angalia ni kengele inayocheza au ulimi.