Kugonga stendi ya tivii kwa kiganja sio kipimo, jamani

Wiki hii peke yake huyu ni mteja wa tatu. Anaingia bandani kwetu hapa Keko, Dar, anaipiga stendi kwa kiganja, gu gu gu, anaisukuma kidogo haisogei, anamgeukia mkewe: "Hii mninga bwana, mtoto hawezi kuiangusha." Mimi ndio nauza mninga, nikinyamaza napata hela, lakini hii ya nzito ndio salama imenichosha.

Mtoto hasukumi stendi. Mtoto anapanda. Kaona rimoti au biskuti juu, anavuta droo ya chini inakuwa ngazi, anavuta ya pili, anakanyaga, na hapo ule mninga wako haukusaidii kivile maana droo zenyewe nazo ni za mninga, nzito, na sasa zimetoka mbele zinavuta upande ule ule wa mtoto. Yaani ulichokilipia kama ulinzi ndio kinamsaidia kuiangusha. Nikaona maneno hayatoshi. Kulikuwa na stendi ya droo tatu, mteja kaagiza kina cha sentimita 30 tu eti isile sebule, nikafungua droo zote nikaning'iniza kwenye ya juu ndoo ya maji ya lita 20, hizo ni kilo 20, mtoto wa miaka mitano sita hivi. Miguu ya nyuma ikanyanyuka hapo hapo, kijana wangu akaidaka, maji yote kwenye maranda. Yule kaka wa kugonga kimya. Halafu akauliza kama kuna punguzo.

Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya makabati ya nguo yasipinduke, na kipimo chake kinahesabu mtoto wa hadi kilo 27 hivi, droo zikiwa wazi. Hakuna sehemu ya kugonga kwa kiganja.

Kwa hiyo kina, yaani kutoka mbele hadi nyuma. Mimi chini ya sentimita 40 sitaki, 45 ndio nalala usingizi, na stendi iwe fupi kwenda juu, na kama una madude ya kuhifadhi weka milango, achana na droo. Kona zipigwe randa na msasa ziwe duara, hiyo kila fundi anajua, tuendelee.

Urefu sasa, kushoto kwenda kulia. Tivii ya inchi 55 inapimwa kona kwa kona, kioo peke yake upana wake ni kama sentimita 122, na futi 4 ni hiyo hiyo 122. Tivii nyingi za siku hizi miguu iko huku mwisho na huku mwisho, sio katikati, so ukiiweka kwenye stendi ya futi 4 miguu inachungulia pembeni kabisa. Chukua futi 5. Na kile kitambaa cha kufuma mnachotandika chini ya tivii kikaning'inia mbele, toeni, mtoto akikivuta tivii inakuja nacho hata stendi ingekuwa ya zege.

Mwisho wa yote tivii ifungwe. Nyuma ina matundu manne ya skrubu, yale ya kuitundikia, pitisha mkanda hapo ukaukaze ukutani, fisha, ile plastiki ya kushika skrubu ukutani, ishike tofali sio plasta. Hapa ndio nina mashaka yangu. Tofali zetu nyingine ni mchanga mtupu, drili ikigusa tu shimo linapanuka, fisha inazunguka. Na waliopanga, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa. Hao nawafungia tivii kwenye stendi yenyewe, ila jirani yangu wa banda la pili anasema hapo nimefanya kitu kimoja kizito kitakachomwangukia mtoto kwa pamoja, na sijapata la kumjibu zaidi ya kuongeza kina.

Yule kaka ameacha oda: futi 5, kina 45, milango miwili, droo hakuna. Aliyeamua ni mkewe. Bei sikupunguza, na maji ya kwenye maranda hajanilipa.