Mama, bahasha hiyo jaji hataihitaji

Mama mmoja alinisubiri nje ya Mahakama Kuu akiwa amekumbatia bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wanne, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na karatasi ya zahanati inayoonyesha kwamba yeye mwenyewe ana presha. "Wakili, mpe jaji ayaone haya. Akiijua hali yetu hawezi kumnyonga mwanangu." Nilimwamkia, nikaipokea kwa mikono miwili, moyoni nikachoka. Bahasha za namna hiyo nimeshapokea nyingi mno.

Dhana yenyewe ni hii: kwamba jaji akishamwona mtu ana hatia ya mauaji, hukaa akapima kama huyu anastahili kitanzi au kifungo.

Tanzania Bara hapimi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu tulichokizoea kama 197, inasema aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kunyongwa hadi kufa. Haisemi "anaweza kuhukumiwa". Wajukuu wawe wanne au kumi na wanne, adhabu ni ile ile. Shufaa, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu, tunaitoa, ndiyo, nami husimama nikaisema kwa sababu ni wajibu wangu, lakini kwa kosa hili jaji husikiliza tu kisha hutamka kile ambacho sheria imeshamwandikia.

Sasa jaji anapima nini? Anapima nia, na uamuzi wa kufa au kupona umo humo. Mtu amekufa, na mteja wangu ndiye aliyempiga. Hayo mara nyingi hayana ubishi. Kinachobaki ni kama alipiga kwa nia ovu. Ikithibitika, ni mauaji. Isipothibitika, ni kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na halina kima cha chini. Hapo jaji ana uhuru wa kutoa miaka kumi, mitano, au chini ya hapo, na hapo ndipo bahasha ya mama ingepata kazi.

Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo mahakama huisoma kwenye matendo. Mahakama ya Rufaa katika shauri la Enock Kipela ilitaja alama zake, na hadi leo hukumu nyingi za mauaji huzipitia: silaha ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno aliyotamka mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Panga tatu za kichwani zinajisema. Fimbo moja ya mgongoni kwenye ugomvi wa kilabuni ni habari nyingine. Aliyempakia majeruhi kwenye bodaboda akamkimbiza hospitali hasomwi sawa na aliyevuka ziwa usiku ule ule.

Na hapa ndipo wateja wangu wananikera. Mtu alikuwa kilabuni, kijiji kizima kilimwona, alitukanwa, akasukumwa, akapigwa chupa kwanza. Anafika mbele yangu anasema: "Sikuwepo." Ndugu nao wamemfundisha hivyo hivyo, wakidhani kukana kila kitu ndiyo ujanja. Mashahidi sita wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, wanamweka pale, utetezi wa kutokuwepo unaanguka, nami nabaki nikimwomba jaji auone ugomvi ambao mteja wangu mwenyewe ameapa kwamba hakuushuhudia. Nilimuuliza yule mama nani alianza kumpiga mwenzake siku ile. Akaniambia, "Mwanangu hataki lisemwe, ni aibu, alipigwa na mtoto mdogo kwake." Aibu hiyo ndiyo ingeweza kumtoa kwenye kitanzi. Niambieni yote siku ya kwanza: nani alianza, alisema nini, fimbo ilitoka wapi, mlikunywa kiasi gani. Siri ya mteja naitunza, lakini siwezi kutumia nisichokijua.

Kuhusu hasira, ambayo inaweza kugeuza mauaji kuwa kuua bila kukusudia: sheria inampima mshtakiwa kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka, tena hasira iwe ya papo hapo. Ukienda nyumbani, ukanoa panga, ukarudi saa mbili baadaye, hiyo si hasira ya ghafla tena. Na wale wa "alimroga mwanangu", nanyi naombeni msikie. Tangu mwaka 1951, katika shauri la Galikuwa, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema kuamini tu kwamba mtu ni mchawi hakutoshi. Lazima kuwe na kitendo alichokifanya mbele yako, cha kumpandisha mtu hasira pale pale. Alichokuambia mganga si kitendo.

Kisha kuna wanaonitumia habari za Kenya kwenye simu. Ni kweli, Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya katika shauri la Muruatetu ilifuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, na majaji wa huko sasa hutazama umri, kama ni kosa la kwanza, kama mtu amejutia, kama alikuwa amefanyiwa ukatili wa kijinsia. Adhabu yenyewe haikufutwa, kilichofutwa ni ulazima, na Julai 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu, si wizi wa kutumia nguvu. Lakini hiyo ni Kenya. Kwetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo Arusha, ilisema Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huu unavunja haki ya kuishi kwa kuwa unamnyima jaji nafasi ya kupima, ikaipa serikali mwaka mmoja kuuondoa. Mwaka ulipita zamani. Mimi naona Arusha walisema kweli, lakini maoni yangu hayamfungui mtu.

Mengine nayapitia haraka. "Familia ya marehemu imesamehe": mshtaki ni Jamhuri, si familia. "Hakuna aliyeona kwa macho": ushahidi wa mazingira unatosha, mradi unamwelekea mshtakiwa peke yake na hauachi maelezo mengine. "Hata mjamzito na mtoto hunyongwa": mjamzito hupewa kifungo cha maisha, na aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio hahukumiwi kifo. Cheti cha kuzaliwa ninachokitaka, basi, ni cha mshtakiwa, na nakitaka kabla kesi haijaanza.

"Siku hizi hawanyongi." Kweli, wa mwisho alinyongwa mwaka 1994. Lakini hukumu ipo, na aliyehukumiwa hukaa sehemu ya wa kunyongwa akisubiri uamuzi wa Rais, ambao hauna tarehe. Uganda, tangu shauri la Kigula la 2009, ikipita miaka mitatu baada ya mahakama ya juu kuthibitisha hukumu, adhabu ya kifo hugeuka kuwa kifungo cha maisha. Sisi hatuna saa ya namna hiyo.