Kutulia barabarani: gari ndogo inafanya nini ikifika spidi 100

Anayenunua Vitz, Passo au IST kwa mara ya kwanza huwa na maswali matatu: mafuta inakula kiasi gani, spea zinapatikana wapi, na je, safari ndefu inatulia? Mawili ya mwanzo yanajibika haraka. La tatu huzua ubishi usioisha. Mmoja atakuambia gari nyepesi ikivuka 100 inapepea na usukani hausikii. Mwingine kaenda nayo Mwanza na familia, karudi, hakuona tatizo lolote. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, maana kila mmoja anapima kitu chake.

Kitu cha kwanza ni utii wa gari. Ukigeuza usukani, inafuata papo hapo au inachelewa? Ukitoka kwenye kona, inanyooka yenyewe? Ukikwepa mbuzi ghafla, inabaki mikononi mwako? Kitu cha pili ni raha ya mwili: shimo, kiraka na rasta vinakufikiaje pale kwenye kiti. Gari inaweza kujaliwa kimoja ikanyimwa kingine, na historia ya gari ndogo imejaa ushahidi.

Chukua Mini ya Uingereza, iliyoingia sokoni 1959. Alec Issigonis aliyeibuni aliipa magurudumu ya inchi 10 tu, akayasukuma hadi kwenye pembe nne za gari, na mahali pa springi akaweka mpira. Ilikata kona kwa utii wa ajabu, kiasi kwamba ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967 mbele ya magari yenye injini kubwa kuliko yake. Ila abiria wa nyuma alijua kila kokoto iliyopo barabarani. Sasa iweke kando ya Citroën 2CV ya Ufaransa, iliyoonyeshwa kwa umma 1948. Wahandisi wake waliambiwa waunde gari ya mkulima itakayovuka shamba lililolimwa ikiwa na kapu la mayai bila yai kupasuka. Ilikuwa laini kweli, lakini kwenye kona ililala upande mpaka mgeni akatafuta pa kushika. Zote mbili ni ndogo na nyepesi. Kwa hiyo mtu akikuambia "gari ndogo haitulii", muulize kwanza: haikutii, au inakuumiza mgongo?

Turudi kwenye gari zetu. Udogo wenyewe unaleta nini hasa?

Wa kwanza ni ufupi kati ya tairi la mbele na la nyuma. Kwenye Vitz ya kwanza, ya 1999, nafasi hiyo ni mita 2.37, na IST ya 2002 ina kipimo hichohicho. Crown Athlete, gari kubwa ya Toyota, ina mita 2.85. Karibu nusu mita hiyo ndiyo unayoisikia kwenye lami yenye viraka vilivyofuatana: tairi za mbele hazijamaliza kushuka, za nyuma tayari zinapanda, na gari inaanza kuinama mbele na nyuma. Mgongo unachoka, ingawa njia haijapotea hata kidogo. Toyota waliendelea kuirefusha Vitz, ikafika mita 2.46 toleo la 2005 na 2.51 toleo la 2010, na ukiendesha matoleo hayo kwa kufuatana utaisikia tofauti.

Wa pili ni uzito, na hapa ndipo pana mengi. Watu wakisema gari nyepesi wanawaza upepo. Mimi nawaza abiria. Vitz ya lita moja ina kilo kama 900. Wapande watu wazima watano wa kilo 70, weka mizigo ya kilo 50, umeongeza kilo 400. Hiyo inakaribia nusu ya gari nzima. Crown ya kilo 1,600 ukiipa mzigo huohuo umeongeza robo tu. Mhandisi wa gari ndogo ana kibarua kigumu hapo: akilegeza springi, siku gari ikijaa tumbo litakwangua tuta, akizikaza, dereva aliye peke yake atarushwarushwa. Wengi huchagua kukaza. Ndiyo maana Vitz au Passo yenye watu watatu huwa laini kuliko yenye dereva pekee, jambo linalowashangaza wengi.

Kuna kipengele kingine ambacho muuzaji hakitaji. Kwenye nyaraka za Japani, uzito wa gari iliyojaa hupigwa kwa kuhesabu kila mtu kilo 55. Watu watano ni kilo 275, na mabegi hayamo kwenye hesabu hiyo. Sasa fikiria Desemba, msimu wa kwenda "kuhesabiwa" Moshi, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu, IST ina watu wazima watano, watoto wawili mapajani, gunia la mchele kwenye buti na begi juu ya kila paja lililobaki. Nyuma inakaa chini, mbele inanyanyuka. Inakuwa kama bodaboda iliyopakia magunia mawili nyuma: tairi la mbele linagusa njia kwa adabu tu. Usukani unakuwa mwepesi isivyo kawaida, breki za mbele zinakosa uzito wa kushikilia, na usiku kila unayepishana naye anakupigia taa ingawa zako umeziweka chini, kwa sababu mwanga wako umeelekea usoni kwake.

Kwa hiyo ule ushauri wa kuweka mfuko wa mchanga kwenye buti "ili gari ikae chini" unaharibu palepale unapodai kutengeneza. Gari inayovutwa na tairi za mbele inahitaji uzito mbele. Ukiuhamishia nyuma ya ekseli ya nyuma unaifanya iyumbe zaidi upepo wa ubavuni ukiipiga.

Na upepo wa ubavuni upo. Vitz ile ya kwanza ina urefu wa kwenda juu wa mita 1.50 na upana wa mita 1.66. Ni kijisanduku: ubavu mkubwa, uzito mdogo. Anayepita tambarare za Singida au karibu na Makambako analijua hilo mikononi. Ila upepo unaotisha zaidi tunauletewa na mabasi. Unakuja na 80, basi linakuja na 100 upande wako wa kulia. Pua yake ikikufikia, hewa inayoisukuma mbele inakupiga kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa lami. Ubavu wake ukipita, hewa inakuvuta kulia kuelekea kwake. Basi la mita 12 kwa kasi hizo linakupita kwa takriban robo ya sekunde, yaani msukumo na mvuto vinakuja kabla hujawaza lolote. Kosa la wengi ni kupambana: anakata kulia kuzuia ule msukumo, na wakati mkono unafika, mvuto umeshaanza, sasa vyote viwili vinampeleka kwenye basi. Shika usukani kwa mikono miwili, usiukabe, na kaa katikati ya njia yako au kushoto kidogo kabla basi halijafika. Gari itatikisika na kurudi yenyewe.

Mifereji ya malori ni habari nyingine. Sehemu za milima na karibu na mizani, lami imebonyea pale matairi ya malori yanapopita siku zote, na njia ya Mombasa kwenda Nairobi ina maeneo ya namna hiyo sawa na njia ya Dar kwenda Mbeya. Kati ya tairi za kushoto na za kulia za lori kuna karibu mita 2. Za Vitz hazifiki mita moja na nusu. Huwezi kuiingiza mifereji yote miwili: tairi moja likiwa ndani, la pili limepanda ubavu wa ule mgongo wa katikati na linataka kuteremka. Gari inavutwa, unarudisha, inavutwa tena. Dereva anasema "stelingi inacheza", anaipeleka gereji, fundi anabadilisha tai rodi, kile chuma kinachogeuza tairi, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Dawa ya mifereji ni kupunguza mwendo na kuchagua mstari mmoja ukabaki nao. Mvua ikinyesha mifereji hiyo hujaa maji, na hapo angalau gari ndogo ina faida yake: tairi jembamba, kwa mfano 165/70R14 la Vitz, hukata maji vizuri kuliko pana, mradi kashata zake hazijaisha.

Usukani wa umeme nao unachangia hisia. Umelainishwa kwa ajili ya mjini, uegeshe kwa kidole kimoja. Kwenye barabara kuu ulaini huo unakunyima habari za tairi, ukadhani gari haijashika lami, kumbe imeshika.

Injini nitaitaja kwa kifupi, maana watu huichanganya na kutulia. Nguvu ya hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 120 inakuwa mara 2.25, na kazi ya injini kuishinda inazidi mara tatu. Injini ya lita moja yenye nguvu farasi kama 70 inafika huko ikipiga kelele, na zile za silinda tatu zinatetemesha hadi kiti. Kelele inachosha na kutia hofu, lakini haimaanishi gari inayumba. Wajapani wenyewe walikuwa na tahadhari: hadi mwaka 2000, vigari vyao vya injini ndogo kabisa, jamii moja na Kirikuu, vilizuiwa kuvuka 80 kwenye barabara za kasi wakati gari nyingine ziliruhusiwa 100. Kwenye kulipita lori ndipo upungufu wa nguvu unapokuwa hatari ya kweli. Lori likiwa kwenye 70 nawe 90, unahitaji kama sekunde 11 kulimaliza kwa usalama, unakula mita 270, na anayekuja mbele kwa 100 anakula 300. Bila karibu mita 600 zilizo wazi, usitoke.

Halafu kuna watu wanaoziinua. IST inapelekwa gereji, inawekewa vipande vya mpira au chuma juu ya springi ipite makorongo ya mtaani. Naelewa sababu, barabara za mitaa yetu ni za kusikitisha. Ila mwaka 1997 huko Sweden, waandishi wa jarida la Teknikens Värld waliipeleka Mercedes-Benz A-Class mpya kwenye jaribio la kukwepa mnyama barabarani, ikapinduka. Ilikuwa fupi na ndefu kwenda juu. Kampuni ilisimamisha kuwapa wateja gari hizo, ikarekebisha miguu yake na kuziwekea zote mfumo wa elektroniki wa kuzuia kuteleza. Hiyo ni gari iliyotoka kiwandani vile. IST ya umri wa miaka 20 iliyoinuliwa kwa kipande cha chuma mara nyingi haina mfumo huo, na inapelekwa Dodoma ikiwa na abiria watano.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya lawama inayobebeshwa udogo inastahili kubebwa na uchakavu. Gari hizi zinatufikia zikiwa na umri, shokapu zikiwa zilezile za kiwandani, bushi zimepasuka, matairi ya mtumba. Hayo yanapimika bila mashine. Tafuta kipande kilichonyooka, nenda 80, legeza mikono kidogo. Gari ikivuta upande mmoja kila mara, tazama upepo wa matairi kwanza, halafu wili alaimenti. Usukani ukitetemeka kuanzia 90 hivi na kutulia ukiongeza au kupunguza, ni wili balansi au rimu iliyopinda. Ukivuka tuta kisha nyuma ikaendelea kunesa mara tatu nne, shokapu zimekufa. Ukisikia kugonga chini ya miguu kwenye kila kiraka, mwambie fundi aanze na stabilaiza linki na bushi, ni vitu vya bei nafuu.

Upepo usijaze kwa kukisia. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva chenye kipimo. Kikisema 220 kPa maana yake ni 32 kwenye mashine ya kijana wa pancha. Pima tairi zikiwa baridi, kabla ya safari. Umri wa tairi uko ubavuni mwake, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukinunua mawili tu mapya, yafunge nyuma, hata kama fundi atakushangaa kwa kuwa gari inavutwa mbele. Mbele ikiteleza kwenye mvua, gari inaenda moja kwa moja na ukiachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza inazunguka, na kuirudisha inataka ufundi ambao wengi wetu hatuna.