Muda wa flashi: kinachosimamisha bawa la ndege mvumaji

Muda wa flashi ni urefu wa mmweko wenyewe, tangu mwanga unapowaka hadi unapozimika. Usichanganye na muda ambao flashi inasubiri kujaa chaji, wala na kasi ya shata ya kamera, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Kwenye picha za harusi au za pasipoti hakuna anayekijali kipimo hiki, maana watu wametulia. Lakini kwa anayetaka picha ya ndege mvumaji (hummingbird kwa Kiingereza) akielea mbele ya chombo cha maji ya sukari nyuma ya nyumba, hiki ndicho kinachoamua kama mabawa yataonekana unyoya kwa unyoya au yatakuwa ukungu tu.

Ndege wavumaji wanaishi mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi Tierra del Fuego. Mtu aliyehamia Ohio, Minnesota au Toronto akitokea Mombasa au Bukavu atakutana hasa na aina moja, Archilochus colubris, ambaye dume lake lina koo jekundu. Ana uzito wa gramu 3 hivi. Anafika majira ya kuchipua, na kabla ya baridi kali anaondoka kuelekea Meksiko na Amerika ya Kati. Akiwa ameelea hewani hupiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde, na ncha ya bawa lake hukata hewa kwa mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde.

Shika hesabu hiyo ya mita 10, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Ukipiga picha kwa 1/250 ya sekunde, ncha ya bawa itakuwa imesafiri sentimita 4 kabla shata haijafunga. Bawa zima lenyewe halizidi urefu huo kwa kiasi kikubwa. Hata kwa 1/4000, kasi ambayo wapiga picha wengi huiona ni ya kutosha kusimamisha chochote, ncha inasogea milimita 2.5, na hapo kingo za manyoya tayari zimepotea. Ukitaka kila unyoya uonekane, unahitaji mwanga unaodumu 1/15,000 ya sekunde au chini ya hapo. Shata za kawaida hazifiki huko kwa raha, na hata zinapofika, kivulini hapana mwanga wa kutosha kwa kasi hiyo.

Flashi ndogo ya kamera inafika bila shida, ila kwa njia ambayo wengi huidhania kinyume. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme, na bomba la gesi ya xenoni linalowaka umeme huo unapoachiliwa. Ukiiweka kwenye nguvu kamili, kapasita inamwaga karibu chaji yote, na mwanga unapanda kisha unafifia taratibu. Ukipunguza nguvu, bomba haliwaki kwa unyonge: linawaka vilevile, lakini swichi ya elektroniki inaukata umeme mapema. Ni kama kukinga maji kwenye mfereji uliofunguliwa wote, kikombe au ndoo. Tofauti ni lini unafunga. Kwa hiyo flashi iliyopunguzwa nguvu ndiyo yenye mmweko mfupi.

Watengenezaji wa kamera Nikon waliwahi kuchapisha vipimo vya flashi yao ya SB-800, na vinaonyesha jambo hili wazi. Kwenye nguvu kamili mmweko unadumu 1/1050 ya sekunde. Kwenye nguvu ya 1/16 unadumu 1/10,900. Kwenye 1/32 ni 1/17,800. Kwenye 1/64 ni 1/32,300. Na kwenye 1/128 ni 1/41,600. Rudi kwenye zile mita 10: nguvu kamili inaacha ncha ya bawa isogee karibu sentimita moja, wakati nguvu ya 1/32 inaiacha isogee kama nusu milimita. Flashi ile ile, ndege yule yule.

Gharama yake ni mwanga. Mmweko wa 1/32 ni mchache sana, na ndiyo sababu wanaofanya kazi hii hutumia flashi tatu, nne au tano, kisha wanazisogeza karibu, nusu mita hivi kutoka mahali ndege anapoelea. Umbali una uzito mkubwa hapa: ukiuongeza mara mbili, mwanga unaomfikia ndege unabaki robo. Flashi kubwa moja iliyowekwa mbali na kufunguliwa nguvu yote haiwezi kuchukua nafasi ya flashi ndogo nyingi za karibu. Na flashi nyingi za studio, hasa za zamani, zina tabia tofauti kabisa, kwa kuwa nguvu yake hupunguzwa kwa kushusha volti, hivyo mmweko unaweza hata kurefuka unapoipunguza. Kabla ya kununua, tafuta jedwali la muda wa mmweko. Kiasi cha mwanga peke yake hakikuambii lolote kuhusu mabawa.

Sasa tuje kwenye jua, ambalo ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi za aina hii. Kamera nyingi zenye shata ya mapazia mawili hukubali flashi ya kawaida mpaka kasi ya 1/200 au 1/250 tu. Kwa kasi hiyo mapazia yanafunguka kabisa, kihisi chote, yaani bapa linalopokea picha, kinakuwa wazi kwa pamoja, na ndani ya muda huo mmweko unapita. Lakini shata inabaki wazi hata baada ya flashi kuzimika. Kama nje kuna mwanga wa kutosha, jua nalo linachora picha yake juu ya ile ya flashi. Chukua mipangilio ya f/16 (tundu dogo la lenzi), ISO 200 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na 1/200 ya sekunde: kwenye jua kali, hiyo inatoa picha kamili bila flashi yoyote. Ukiwasha flashi hapo unapata picha mbili katika moja, bawa lililosimama na kivuli cha ukungu kikilizunguka. Katika 1/200 ya sekunde mvumaji amemaliza robo nzima ya pigo lake.

Kwa hiyo chombo cha kulishia hutundikwa kwenye kivuli kizito, chini ya paa la baraza au upande wa nyumba usiopigwa na jua. Jaribio la kuhakikisha ni rahisi, na naliamini kuliko kipimo chochote cha mwanga: zima flashi zote, piga picha kwa mipangilio ile ile. Ikitoka nyeusi, uko tayari. Ikiwa bado unaona umbo la chombo au majani, jua linaingia. Ongeza kivuli au funga tundu la lenzi zaidi.

Weusi huo unaleta tatizo la pili. Mwanga wa flashi haufiki mbali, kwa hiyo kilicho nyuma ya ndege kinabaki giza, na ndege wa mchana anaonekana kama amepigwa picha usiku wa manane. Binafsi sizipendi picha hizo. Dawa yake ni kuweka ubao wenye rangi za bustani, picha kubwa ya majani iliyo nje ya fokasi, au kichaka halisi, kama mita moja nyuma, na kuumulika kwa flashi yake peke yake. Flashi hiyo nayo iwe kwenye nguvu ndogo. Ukiiacha na mmweko mrefu, bawa litakatisha mbele ya nyuma yenye mwanga na kingo zake zitalika.

Kamera nyingi siku hizi zina hali inayoruhusu flashi kwenye kasi za juu kama 1/4000. Inavutia, lakini kwa kazi hii inakupotosha. Katika hali hiyo flashi haitoi mmweko mmoja. Inatoa mfululizo wa mimweko ya haraka inayodumu muda wote ambao ufa mwembamba kati ya mapazia mawili ya shata unapita juu ya kihisi. Kwa bawa, huo ni sawa na mwanga usiokatika. Kinachosimamisha mwendo kinarudi kuwa shata, na tumeshaona 1/4000 inafika wapi. Inafaa kwa ndege aliyetua kwenye tawi juani, unapotaka tu kupunguza kivuli usoni.

Ujuzi huu si wa jana. Harold Edgerton, mhandisi wa Massachusetts Institute of Technology, alitengeneza flashi za elektroniki za kasi kubwa miaka ya 1930, na mwaka 1947 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake za ndege wavumaji. Baada yake Crawford Greenewalt, aliyekuwa rais wa kampuni ya kemikali ya DuPont, aliwafuata ndege hawa kwa vifaa vya aina hiyo na kutoa kitabu cha picha zake mwaka 1960. Picha za namna hii huonyesha jambo ambalo jicho haliwezi: bawa la mvumaji hujipindua linaporudi nyuma, upande wa chini ukatazama juu, na hata pigo hilo la kurudi humsaidia kumbeba hewani.

Flashi ina faida nyingine kwenye koo la dume. Wekundu wake hautokani na rangi iliyo ndani ya unyoya. Unatokana na tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga kwa mwelekeo fulani tu. Mwanga ukija kutoka pembe isiyofaa, koo linaonekana jeusi. Ndiyo maana flashi moja kati ya zile ulizonazo huwekwa karibu na mstari wa lenzi, ili mng'ao urudi kwenye kamera. Zilizobaki zimulike mgongo na mabawa kutoka juu na pembeni.

Mpiga picha anayemjali ndege huanza na chakula. Sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, bila rangi nyekundu na bila asali, na siku za joto maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili hivi. Tundika chombo siku kadhaa kabla ya kuleta vifaa, kisha ingiza stendi moja moja ili ndege wazizoee. Ukiziba matundu yote ya chombo ukabakiza moja, utajua ndege atakaa wapi: hunywa, hurudi nyuma kidogo akielea, kisha hunywa tena. Bonyeza anaporudi nyuma. Moyo wake unapiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika akiwa anaruka, na hawezi kukaa muda mrefu bila kula, kwa hiyo akisita kuja kwa sababu ya vifaa, ondoa vifaa. Penye kiota usiwashe flashi kabisa.

Wasomaji walioko Afrika Mashariki hawana mvumaji, wana ndege aitwaye chozi, ambaye naye anang'aa kwa namna hiyo hiyo ya tabaka za unyoya. Lakini chozi kwa kawaida hutua kwenye shina la ua anapofyonza, na huelea mara chache na kwa muda mfupi. Akiwa ametua, muda wa flashi si hoja. Flashi moja yenye nguvu ndogo karibu na lenzi inatosha kuamsha rangi za kifua chake, na jua likaachwa lifanye kazi iliyobaki.